Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuandika Pambano la Dinosaria Ambalo Msomaji Hatalikimbia

Hadithi nyingi za mashabiki wa dinosaria hufia mahali pamoja. Mwandishi anajua majina yote, ameangalia filamu zote, anaweza kubishana hadi alfajiri nani angempiga nani. Akishika kalamu, anatoa hiki: wanyama wawili wanakutana, wananguruma, wanarukiana, damu inaruka, mmoja anaanguka. Aya tatu, kwisha. Msomaji hajali aliyekufa kwa sababu hakupewa nafasi ya kuogopa.

Hapa tunashughulika na kitu kimoja tu: tukio la pambano lenye kurasa tatu hadi tano. Mfano wetu utakuwa wanyama wa Tendaguru, mkoani Lindi, wa miaka milioni 150 hivi iliyopita. Nimewachagua kwa sababu filamu hazijawachosha, na kwa sababu mwandishi wa Kiswahili hana haja ya kupanda ndege hadi Montana, Marekani, kutafuta mnyama mwenye miiba.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na penseli. Hadithi unaweza kuiandika kwenye simu, ila ramani ya uwanja ichore kwa mkono.
- Kamba ya mita 12, au futi kamba ya fundi, na chaki au kipande cha mkaa.
- Video mbili tatu za wanyama hai wakiwindana: simba na nyati, mamba na nyumbu. Tafuta zile ndefu zisizowekewa muziki.
- Tovuti ya makumbusho moja unayoiamini. Kwa wanyama wa Tendaguru, Museum für Naturkunde ya Berlin ndiyo yenye mifupa yao.
- Msomaji mmoja ambaye si shabiki. Shemeji, jirani, mwenzako wa kazini. Shabiki mwenzako atakusamehe makosa yako kwa sababu picha anayo tayari kichwani.

## Hatua ya 1: Chagua wanyama walioweza kukutana

Tyrannosaurus rex (T. rex kwa kifupi) aliishi Amerika ya Kaskazini, kati ya miaka milioni 68 na 66 iliyopita. Spinosaurus aliishi kaskazini mwa Afrika, Misri na Moroko ya leo, zaidi ya miaka milioni 90 iliyopita. Filamu ya Jurassic Park III ya mwaka 2001 iliwakutanisha, na ugomvi wa mashabiki haujaisha hadi leo. Lakini filamu ile ilikuwa na kisiwa na wanyama waliotengenezwa maabara. Wewe ukiwakutanisha msituni bila maelezo, msomaji anayejua atakuacha kwenye mstari wa pili.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni Stegosaurus dhidi ya T. rex. Kati yao kuna miaka milioni 80 hivi. Kati ya T. rex na sisi kuna 66.

Makundi haya yatakupa wapiganaji halali:

- Hell Creek, Marekani: Tyrannosaurus, Triceratops, Edmontosaurus, Ankylosaurus.
- Miamba ya Morrison, Marekani: Allosaurus, Ceratosaurus, Stegosaurus, Diplodocus.
- Jangwa la Gobi, Mongolia: Velociraptor na Protoceratops.
- Tendaguru: Kentrosaurus, Giraffatitan, Dysalotosaurus, Elaphrosaurus, na mla nyama mkubwa aitwaye Veterupristisaurus.

Kwa mfano wetu nachukua Kentrosaurus, mla mimea mwenye miiba wa jamii ya Stegosaurus, na Veterupristisaurus. Huyu wa pili anajulikana kwa pingili chache tu za mkia. Kwa mwandishi hiyo ni neema: wataalamu wamekupa ukubwa na ukoo, rangi na tabia ni zako.

Tahadhari. Ukitaka kuchanganya zama, changanya, lakini sema kwenye ukurasa wa kwanza: bustani, maabara, mashine ya muda, chochote. Ukikificha, kitaonekana kama hukujua.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja nani, wapi na lini kwa sentensi moja isiyo na "labda".

## Hatua ya 2: Watoe kwenye skrini, uwaweke chini

Nenda uwanjani au barabarani pasipo magari. Chora mstari wa mita nne na nusu: huyo ni Kentrosaurus, pua hadi ncha ya mkia. Kando yake chora mstari wa mita tisa: huyo ndiye mla nyama wetu, kwa makadirio. Sasa simama kwenye kichwa cha mmoja uangalie mkia wa mwenzake.

Unaweza kuona ni mchezo wa watoto. Fanya tu. Karibu kila pambano bovu nililosoma lina mnyama anayeng'ata shingo ya adui huku amesimama nyuma ya mkia wake, na mwandishi hajaona tatizo. Ukishatembea kati ya mistari hiyo miwili, hutaandika hivyo tena.

Kisha jaza fomu fupi ya kila mnyama, mistari minne tu: silaha yake, umbali silaha hiyo inapofika, upande asioweza kujilinda, na kinachomchosha.

Ya Kentrosaurus ingesomeka hivi. Silaha: mkia wenye miiba miwili miwili, na mwiba mrefu kila bega. Umbali: nusu duara ya nyuma yake; mtaalamu wa dinosaria Heinrich Mallison aliuchunguza mkia huo kwa uigizaji wa kompyuta na kuona kuwa ungeweza kufagia eneo pana na kupiga kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Udhaifu: uso na kifua. Kinachomchosha: kugeuka geuka, maana kila adui anapozunguka naye lazima azunguke ili mkia ubaki mbele ya hatari.

Umeona? Pambano limeshaanza kujiandika. Mmoja anataka kufika mbele, mwingine anataka kubaki kinyumenyume.

Ukimchukua T. rex badala yake, silaha ni taya. Makadirio yanayotumika sana yanaweka nguvu ya kung'ata ya meno yake ya nyuma kati ya newtoni 35,000 na 57,000. Mikono ile haifiki hata mdomoni, kwa hiyo usimpe ngumi.

Tahadhari kuhusu filamu. Filamu ni chanzo kizuri cha msisimko na kibovu cha vipimo. Velociraptor wa Jurassic Park ya 1993 ana kimo cha mtu mzima. Wa kweli alikuwa mnyama wa kilo 15 hadi 20, mwenye manyoya ya ndege. Dilophosaurus wa filamu anatema sumu na kukunjua shela shingoni; hakuna ushahidi wa lolote kati ya hayo, na wa kweli alikuwa na urefu wa mita sita au zaidi. T. rex asiyeona kisichotikisika naye ni wa filamu. Macho ya mnyama mwenyewe yalielekea mbele na yaliona vizuri sana. Ukiandika ndani ya ulimwengu wa filamu, fuata sheria za filamu. Ukiandika wanyama halisi, fuata mifupa. Usiruke huku na huku ndani ya tukio moja.

Umefaulu ikiwa unaweza kuonyesha kwa kidole, kwenye mistari ya chaki, pale jino linapoweza kufika na pale lisipoweza.

## Hatua ya 3: Mpe kila mmoja sababu ya kupigana, na sababu ya kuondoka

Rudi kwenye video za simba na nyati. Utakachogundua ni kwamba simba huondoka. Huondoka mara nyingi mno. Anajaribu, anaona pembe, anahesabu gharama, anakwenda zake. Mla nyama anatafuta chakula cha bei nafuu. Akivunjika mguu leo, wiki ijayo amekufa njaa. Kwa hiyo ukitaka apigane hadi mwisho, lazima umzibe njia za kuondoka.

Andika sentensi mbili kwa kila mnyama. "Anapigana kwa sababu..." na "Angeondoka kama...". Kisha fanya ile ya pili isiwezekane, au iwezekane kwa gharama kubwa.

Kwa mfano wetu: Kiangazi kimekausha mabwawa ya bara, mawindo yameshuka pwani, mla nyama hajala siku nyingi na ana jeraha la zamani kwenye mguu, kwa hiyo hawezi kukimbiza wale wepesi kama Dysalotosaurus. Angeondoka kama angepata mzoga. Mizoga imeisha. Kentrosaurus naye angeondoka kama maji yasingekuwa yanajaa nyuma yake.

Waandishi wengi hupenda sababu ya kisasi: "alimuua mwanawe". Ukiitumia, itumie kwa mzazi aliyeko kando ya kiota wakati huo huo. Mnyama anayezunguka miaka mitatu akimtafuta muuaji ni binadamu aliyevaa magamba.

## Hatua ya 4: Chora uwanja

Duara la vumbi lisilo na kitu chochote ni ulingo wa ndondi. Uwanja mzuri unamsaidia mmoja na kumwonea mwingine, halafu katikati ya pambano unageuka.

Tendaguru ya wakati ule ilikuwa pwani: mabwawa ya maji ya chumvi, matope ya kupwa na kujaa, na misitu ya miti jamii ya misonobari upande wa bara. Chora ukanda wa tope, ulimi wa mchanga mgumu, maji upande mmoja, msitu upande mwingine. Weka alama wanyama wanapoanzia. Andika pembeni maji yanajaa kutoka wapi.

Tope linamwadhibu mzito. Mla nyama wetu ana uzito mkubwa juu ya miguu miwili. Kentrosaurus ana minne. Kwenye mchanga mgumu mla nyama ndiye bwana. Kwenye tope hali inabadilika. Sasa unajua kila mmoja anataka kumvuta mwenzake wapi, na msomaji ataanza kulijua kabla ya wanyama wenyewe.

Tahadhari. Usiweke nyasi. Zama za Jurasiki, walimoishi wanyama wetu wa Tendaguru, hazikuwa na nyasi wala maua. Weka mikangaga, mitapo, misonobari, kuvu. "Mbuga yenye nyasi ndefu" ndiyo sentensi inayomfichua mwandishi haraka kuliko jina la mnyama lililokosewa.

Umefaulu ikiwa ukihamishia pambano lile lile mahali pengine, mshindi anaweza kubadilika. Kama habadiliki, uwanja wako ni pazia tu.

## Hatua ya 5: Panga mizunguko kabla ya kuandika sentensi

Usianze kuandika bado. Orodhesha matukio kwa maneno machache, na kila tukio libadilishe kitu: nafasi, jeraha, pumzi, au uamuzi. Lisilobadilisha chochote lifute, hata kama lina mngurumo mzuri.

Mfano:

1. Harufu inamfikia Kentrosaurus, anageuza mgongo.
2. Mla nyama anazunguka kulia. Kentrosaurus anazunguka naye. Hakuna kilichoguswa.
3. Mla nyama anajifanya kuondoka. Kentrosaurus anashusha mkia.
4. Shambulio la kweli, kutoka ubavuni. Jino linapata nyama ya paja. Mwiba wa bega unapata shavu.
5. Kentrosaurus anarudi kinyumenyume hadi topeni, kwa makusudi au kwa maumivu. Usimwambie msomaji ni lipi.
6. Mla nyama anamfuata. Mguu wenye jeraha la zamani unazama.
7. Mkia.

Tazama namba 2 na 3. Hakuna damu, na hapo ndipo pambano zima linapojengwa. Wanaoanza huruka moja kwa moja hadi namba 4, kisha wanashangaa kwa nini tukio lao ni fupi na wanalirefusha kwa kuongeza ming'ato. Urefu uwe kabla ya pigo. Mapigo yenyewe yawe mafupi, na yawe machache kuliko unavyotaka.

## Hatua ya 6: Andika ukiwa ndani ya mwili mmoja

Chagua mnyama mmoja, ukae naye hadi mwisho. Ukiruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine kila aya, msomaji anajua kila mmoja anapanga nini na hofu inakufa. Mimi huchagua anayewindwa, kwa sababu yeye ndiye asiyejua.

Mpe jina la kuitwa. "Kentrosaurus" likitajwa mara kumi na tano kwenye ukurasa mmoja linachosha hata shabiki. Litaje mara moja, kisha mwite Miiba. Na ukishamwita Miiba, kila kitendo chake kiende na *a-*: aligeuka, akazama. Rasimu nyingi huanza na "aliruka" na kumalizia na "ikaanguka", na msomaji anatafuta ni kitu gani kingine kimeanguka.

Sasa linganisha. Hii ndiyo rasimu ninayokutana nayo kila mara:

> *Kentrosaurus alimwona adui yake mkubwa. Alikasirika sana. Alinguruma kwa sauti kubwa na kumrukia kwa nguvu zake zote. Adui naye alinguruma. Walipigana vikali kwa muda mrefu.*

Na hii ni sehemu hiyo hiyo ikipitia hatua za juu:

> *Maji yalikuwa yamekupwa, na Miiba alikuwa amefuata mikangaga hadi karibu na tope. Harufu ilimfika kwanza. Nyama iliyolala. Aliacha kutafuna. Hakuinua kichwa kutazama. Aligeuza mgongo kule harufu ilikotoka, akapanua miguu ya nyuma, mkia ukaanza kwenda, kushoto, kulia, kushoto. Kimya jii. Kisha mchanga nyuma yake ukalia chwa. Kitu kizito kilikuwa kimehamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.*

Hakuna aliyenguruma. Mwindaji anayenguruma kabla ya kushambulia anamwamsha mlo wake akimbie. Na kama unahitaji sauti, kumbuka jamaa za dinosaria walio hai: mamba na mbuni hutoa mvumo mzito na midomo imefungwa, sauti inayosikika kifuani kuliko masikioni. Iandike kama tetemeko, siyo kama simba wa katuni.

Kiswahili kimekupa tanakali za sauti ambazo hazihitaji alama kumi za mshangao. Mkia unapita *vuu*. Mwili unaanguka *puu* ardhini, *chubwi* majini. Tumia moja kwa ukurasa, mbili ukishindwa kujizuia. Zikizidi, ukurasa unageuka katuni ya gazetini.

Tahadhari. Futa mawazo ya kibinadamu. "Alijua kwamba heshima ya ukoo wake iko hatarini" haifai. "Paja liliwaka, na mguu ukakataa kukanyaga" inafaa.

## Hatua ya 7: Mshindi naye alipe

Mifupa yenyewe inatufundisha hapa. Kuna pingili ya mkia ya Allosaurus yenye tundu linaloendana na mwiba wa mkia wa Stegosaurus. Kuna Edmontosaurus wa Hell Creek walioponyoka: mifupa ya mikia yao iliumwa, kisha ikapona. Kuna Triceratops mwenye pembe iliyovunjwa na alama za meno, na mfupa ukaendelea kukua baadaye. Na kule Gobi, mwaka 1971, walipatikana Velociraptor na Protoceratops wameshikamana hadi kifo, kucha ya mmoja shingoni, mkono wa mwingine ukiwa mdomoni. Hakuna aliyeshinda.

Kwa hiyo baada ya pigo la mwisho, andika aya mbili tatu zaidi. Miiba amebaki hai: anatembeaje? Maji yanajaa na paja halimbebi. Mla nyama ametoka topeni na taya iliyopinda: atakula nini kesho? Majeraha uliyoyatoa kwenye mzunguko wa 4 lazima yaonekane hapa. Ukisahau, msomaji wako asiye shabiki atakuuliza, "Si aliumwa mguu?"

Umefaulu ikiwa msomaji anaweza kuonyesha mahali jeraha lilipo bila kurudi nyuma kusoma.

## Hatua ya 8: Msomee mtu kwa sauti

Kaa na yule msomaji wako, umsomee, mkononi una penseli. Usimwangalie akitabasamu, angalia anapochezea simu. Weka alama hapo. Mwishoni muulize maswali matatu tu: Nani alikuwa wapi mwanzoni? Ulidhani nani atakufa? Ulibadili mawazo lini?

Kama swali la kwanza limemshinda, rudi hatua ya 4. Kama hakudhani lolote, rudi hatua ya 3. Kama hakubadili mawazo hata mara moja, tatizo liko kwenye mizunguko ya hatua ya 5, na kurekebisha lugha hakutasaidia.

Kisha kata. Neno "ghafla" litoke lote. "Kwa nguvu zake zote" litoke. "Vikali" litoke. Ukimaliza, rasimu itakuwa imepungua na pambano litaonekana refu zaidi.

## Kabla ya kuwapa watu

Ukiwa umetumia wahusika, kisiwa au kampuni ya kwenye filamu, andika wazi kuwa ni hadithi ya shabiki, usiiuze, na usiweke nembo ya filamu kwenye jalada. Wanyama wenyewe hawana mwenyewe: Kentrosaurus, Triceratops na T. rex unaweza kuwaandikia na hata kuuza kitabu chako, mradi hadithi ni yako.

Majina ya kisayansi yaangalie mara mbili. Jina la jenasi huanza kwa herufi kubwa, la spishi kwa ndogo: *Kentrosaurus aethiopicus*, *Giraffatitan brancai*. Usiandike "T-Rex" mstari mmoja na "Trex" mstari unaofuata.

Na usianze kwa kuweka sura kumi. Weka tukio hili moja, na chini yake uulize watu wangempa nani ushindi kama maji yasingejaa. Watabishana, ndiyo kazi ya mashabiki, na humo ndani mtu mmoja atakutajia kosa la kipimo ambalo wewe na chaki yako hamkuliona. Lirekebishe siku hiyo hiyo.